Mwaka Uliopigwa Kwenye Chuma

Kwetu Masasi, hadithi ya rivolva ya babu mkuu ilisimuliwa kila tulipokutana msibani. Alikuwa mpagazi wa Waingereza, akaiokota Mahiwa, Oktoba 1917, kando ya ofisa aliyekufa. Nimekua naiamini. Nikaja kuwa mwandishi wa habari, kazi yangu kuuliza watu ushahidi, na hii sikuwahi kuiuliza.

Mwaka jana baba mdogo alibomoa chumba cha nyuma cha nyumba ya zamani, akaikuta kweli. Imefungwa kwenye kipande cha kaniki, ina kutu, haina risasi. Kabla hatujaipeleka polisi nilipiga picha kila upande. Nilitaka makala ya babu mkuu, basi.

Umri wa rivolva haupimwi kwa kutu. Masika mawili tu yanatosha kuzeesha chuma. Namba ya silaha nayo haisemi kitu mpaka upate kumbukumbu za kiwanda. Bahati ni kwamba rivolva hizi za jeshi la Uingereza zilipigwa mwaka kwenye chuma chenyewe. Nilipoikuza picha ya upande wa kulia, chini ya nyundo, nikaona taji, neno ENFIELD, No. 2 Mk I*, halafu 1940.

Nikasoma tena. 1940.

Nikajitetea: labda ni mwaka wa matengenezo. Wapi! Aina hiyo yenyewe ilianza kutumika jeshini mwaka 1932. Na nyundo yake haina kile kishikio cha kuvutia kwa kidole gumba. Toleo la Mk I*, la 1938, lilikiondoa kisije kikanasa ndani ya vifaru. Maofisa wa 1917 walibeba Webley, yenye risasi nene zaidi.

Nikampigia baba mdogo. "Baba mdogo, hii si ya Mahiwa."

Akanyamaza kidogo. "Basi itakuwa ya marehemu baba."

Yaani babu. Babu aliyekwenda Bama na KAR, akarudi 1946, akapanda mikorosho, asisimulie lolote. Sisi wajukuu tulimwona mzee asiye na hadithi. Na misiba yote ile alikuwepo, ameketi mkekani, anasikiliza silaha yake ikipewa baba yake. Hakumsahihisha mtu. Askari wa kawaida hakupewa rivolva, kwa hiyo angeulizwa ilikuwa ya nani na ilimfikiaje. Marehemu haulizwi.

Mwaka ule kwenye chuma umeniambia jambo moja tu: kabla ya 1940 hakuna aliyeishika. Yaliyofuata yalibaki na babu, naye tulimzika bila kumuuliza.

Mwezi uliopita tulikuwa na msiba tena. Wakaniomba nisimulie ya Mahiwa, nikasimulia ya babu. Ilikuwa fupi.

Shangazi akauliza, "Sasa aliitoa wapi?"

"Sijui, shangazi."

Akavuta khanga yake. "Alikuwa hapendi milango ifungwe kwa kishindo," akasema. Nikatoa daftari.