Lenzi Ndefu na Amana ya Jicho

Mdogo wangu, kijana wa Bagamoyo, alipokwenda kucheza besiboli Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Koshien uliopo Shule ya Sekondari Azania, mama alinituma kitu kimoja tu: "Niletee picha yake akipiga mpira."

Lenzi yangu ya milimita 18 hadi 55 inatosha kwa bibi harusi aliyekaa mbele yangu. Kwa mchezaji wa mbali, inatoa punje ya mchele. Na mtazamaji haingii uwanjani. Nikaazima kwa shoga yangu ya 70 hadi 300, nikakaa na wanawake wenzangu nyuma ya wavu. Nikaisogeza lenzi hadi karibu iguse waya, nikafungua tundu lake lote. Waya ukapotea pichani. Kasi nikaweka sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde. Alhamdulillah, picha ya mama nikaipata.

Lakini lenzi hiyohiyo ilinionyesha, upande wa pili, binti akifunga upya mtandio wake, akidhani haonekani. Nikabonyeza kabla ya kufikiri. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za siku ile. Nikaifuta.

Bibi harusi mtarajiwa, ukimuuliza mpiga picha wako ana lenzi gani, muulize pia picha zipi huzifuta. Lenzi ndefu hukuletea mtu karibu. Ruhusa yake haikuletei.