Mbwa mkubwa akifa ghafla, si kila mara ni sumu

Ndani ya parsele nyingi za Goma na Bukavu, mbwa mkubwa akikutwa amekufa asubuhi, neno la kwanza ni moja: wamemwekea sumu. Wezi hufanya hivyo kweli. Lakini macho hugeuka upesi kwa jirani, ao kwa familia ya wakimbizi wa vita iliyopewa chumba nyuma ya nyumba, maana mgeni hana wa kumtetea.

Kuna ugonjwa unaoua vilevile bila mkono wa mtu. Ni ugonjwa wa misuli ya moyo, ambao mbwa anaurithi kwa wazazi wake. Moyo unapanuka, kuta zake zinakuwa nyembamba, nguvu ya kusukuma damu inapungua, na mapigo yanavurugika. Unashika zaidi mbwa wakubwa: Great Dane, Irish Wolfhound na hasa Doberman, aina iliyoanzishwa karne ya 19 huko Apolda, Ujerumani, na mtoza kodi Karl Friedrich Louis Dobermann. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2010 juu ya Doberman 412 ulikuta zaidi ya nusu wanafikiwa na ugonjwa huu.

Ubaya wake ni kunyamaza. Kwa miaka mbwa anakula, anabweka, analinda, na moyo unaendelea kuharibika. Kwa wengine alama ya kwanza ni kifo chenyewe. Wengine wanaonyesha kidogo kidogo: aliyekuwa anakimbia hadi mlangoni sasa anatembea, anakohoa usiku, anakonda, anazimia kisha anasimama kama hakuna kitu.

Anayelala karibu naye, mara nyingi mlinzi ao kijana wa hao wakimbizi, ndiye anayeweza kuhesabu pumzi zake usingizini. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Mbwa mzima aliyelala kwa kawaida hapiti pumzi 30 kwa dakika. Akizidi hapo usiku baada ya usiku, apelekwe kwa daktari wa wanyama. Kusikiliza kifua peke yake hakutoshi. Kinachoona mapema ni ekografia ya moyo na kifaa kinachoandika mapigo kwa saa 24, vipimo ambavyo si kila mfuko unaviweza. Dawa ya pimobendani ikianzwa mapema inaweza kumwongezea Doberman miezi ya afya. Kuponya haiponyi.

Sumu za kuua wadudu, kwa upande wake, mara nyingi huacha alama: mate mengi, kutapika, kuhara, kutetemeka. Mbwa aliyelala chini pasipo lolote kati ya hayo anaweza kupasuliwa na daktari, moyo uangaliwe, kabla jina la mtu halijatajwa mtaani.

Na anayenunua kitoto cha Doberman aulize mama na baba walikufa kwa nini, na wakiwa na miaka mingapi. Dume la miaka miwili linaonekana zima kabisa na tayari linazalisha. Mara nyingi ugonjwa wake unajitokeza baadaye, watoto wakiwa wameshauzwa parsele kumi tofauti.