Wimbo Usiosikika: Riwaya za Bendi za Roki na Karatasi ya Mjomba

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili niliandika insha ya semina ambayo leo ningependa isionekane na mtu. Ndani yake nilidai kwamba riwaya zinazohusu bendi za muziki wa roki ni kundi la kazi zilizoshindwa tangu mwanzo, kwa kuwa riwaya haina sauti. Mtunzi, nilisema, hutuarifu kwamba wimbo fulani uliwaliza maelfu uwanjani, nasi hatuna budi kumsadiki, maana hatusikii chochote. Kwa kuwa hana muziki wa kutupa, hulazimika kutujazia kurasa kwa mikataba, mameneja, magari mabovu na ugomvi wa vyumba vya hoteli. Mambo hayo niliyaita 'pambo la nje'. Insha ilipata alama nzuri. Makala haya yananuia kuikana, na ninaomba radhi kwa msomaji kwamba katika kuikana nitalazimika kumtaja mjomba wangu, ambaye hakuwahi kuingia katika idara ya fasihi.

Yafaa nianze na lile lililokuwa kweli. Wimbo wa kubuni hausikiki, na kila mtunzi anayeingia katika uwanja huu hukutana na kizingiti hicho kwenye ukurasa wa kwanza. Roddy Doyle alikivuka kwa werevu katika The Commitments, riwaya yake ya mwaka 1987. Vijana wa Barrytown, mtaa wa kubuni wa tabaka la wafanyakazi huko Dublin, wanaunda bendi ya kupiga soul, ule muziki wa Wamarekani weusi. Bendi yao haitegemei nyimbo mpya. Doyle anakopa nyimbo ambazo msomaji wake tayari anazo kichwani, kisha anaziacha zichafuliwe na lafudhi ya mtaani. Wanapoupiga wimbo wa Night Train, uliovumishwa na James Brown, mwimbaji anaondoa majina ya miji ya Marekani na kutia ya vituo vya garimoshi vya Dublin. Hata milio ya ala Doyle huiandika kwa herufi, bila haya, kama mtoto anayeigiza ngoma kwa mdomo. Sehemu kubwa ya riwaya ni mazungumzo, yakitanguliwa na kistari badala ya alama za mtajo, na msomaji hupata dhana kwamba anasikia kumbe anakumbuka.

Don DeLillo alikuwa amekwisha kufanya kinyume chake mwaka 1973 katika Great Jones Street. Bucky Wunderlick, nyota wa roki, anaikimbia ziara yake katikati na kujificha katika chumba kibovu kwenye mtaa huo wa New York. Hapigi kitu. Kila mtu anataka kanda alizozirekodi peke yake milimani, na mbele tunamkuta akidungwa dawa inayomnyang'anya usemi kwa muda. Kwa ufupi, DeLillo alikubali kwamba riwaya ni bubu, akamfanya mhusika wake mkuu awe bubu pia. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni kiburi cha mwandishi. Sasa naona ni unyofu.

Wa tatu katika mkondo huo wa ukimya ni Jennifer Egan. A Visit from the Goon Squad ilitoka mwaka 2010 na ikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ina sura nzima iliyopangwa kama slaidi za mkutano wa ofisini, zilizoandaliwa na binti mdogo ambaye kaka yake amevutiwa mno na vituo vya nyimbo za roki, ile nukta ambapo ala zote hunyamaza kabla ya wimbo kuendelea. Sisi tuliolelewa na ushairi wenye vina, mizani na vituo hatupaswi kushangaa kwamba kijana anaweza kukipenda kituo kuliko neno. Lakini ni nadra riwaya kutambua hivyo, na ni nadra zaidi kwa nafasi tupu ya karatasi kufanya kazi ya kimya cha santuri.

Salman Rushdie ndiye aliyenichosha. The Ground Beneath Her Feet, ya mwaka 1999, inataka nathari yenyewe iimbe. Ormus Cama, Mparsi wa Bombay, husikia nyimbo za wakati ujao kutoka kwa pacha wake aliyezaliwa mfu; mpenzi wake Vina Apsara anamezwa na tetemeko la ardhi; dunia nzima inamlilia. Msomaji wa pwani yetu hawezi kumsoma Ormus bila kumkumbuka Freddie Mercury, Mparsi aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na kusomeshwa India kabla ya kuhamia Uingereza. Ufanano huo nilipoupata nilijawa na fahari, hata nikadhani riwaya ni nzuri kuliko ilivyo. Baadaye kundi la U2 lilitia muziki katika maneno ya mojawapo ya nyimbo za riwaya hiyo, na jambo kama hilo liliifika Daisy Jones & The Six ya Taylor Jenkins Reid, iliyochapishwa mwaka 2019. Riwaya hiyo iliposawiriwa kwenye televisheni mwaka 2023, watunzi wa kweli walitunga nyimbo za bendi ile ya kubuni. Nilizisikiliza. Ni nyimbo nzuri. Hata hivyo nilihisi nimeibiwa, kwani zile nilizokuwa nazo tangu nilipoisoma riwaya zilifutika siku hiyo hiyo na hazijarudi.

Hapo ndipo ingeishia hoja yangu, uainishaji wa mbinu nne tano za kuushinda ukimya, lau si jioni tatu nilizozipitisha Likoni.

Mjomba alipiga gitaa la besi katika bendi za hoteli za pwani ya kusini miaka ya 1970. Walipiga roki ya Wazungu hadi saa sita, kisha nyimbo za kwao wakati watalii wamekwenda kulala na wafanyakazi wa jikoni wametoka. Nilikuwa nikisoma Espedair Street ya Iain Banks, riwaya nyingine ya mwaka 1987, na kwa kuwa msimulizi wake, Daniel Weir, ni mpiga besi kutoka Paisley huko Uskoti, nilidhani itamfurahisha. Macho yake yalikuwa yameanza kukataa maandishi madogo, basi nikamsimulia kwa Kiswahili barazani, sura baada ya sura. Weir ni mrefu kupita kiasi na ana kigugumizi. Ndiye anayetunga nyimbo za bendi. Bendi inapata umaarufu mkubwa, kisha misiba. Naye anajificha Glasgow katika jengo lililojengwa mfano wa kanisa, akiwa tajiri, akijilaumu kwa ajili ya waliokufa.

Mjomba alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye utajiri.

'Ngoja, mpwa wangu. Huyo mpiga besi ndiye mtunzi?'

'Ndiye, mjomba.'

'Na jina lake liliandikwa?'

'Liliandikwa. Analipwa mrabaha hata akilala.'

'Basi kweli hiyo ni hadithi,' akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Nilikuwa nikijua, kama jamaa yote ijuavyo, kwamba mjomba aliwahi kutunga wimbo uliorekodiwa Nairobi. Sikuwahi kuuliza zaidi. Usiku ule alieleza. Walisafiri kwa basi, wakarekodi nyimbo mbili asubuhi moja, na walipomaliza akapewa karatasi ya nusu ukurasa kwa Kiingereza, lugha ambayo wakati huo aliijua kiasi cha kuwatakia watalii usiku mwema. Hakusomewa. Alitia sahihi, akapewa fedha zilizotosha nauli ya kurudi na shati jipya. Santuri ilipotoka, kwenye lebo palikuwa na jina la mtu mwingine. Alikuwa na nakala yake moja, ikavunjika katika kuhama nyumba. Ile karatasi hakupewa nakala.

Hakusimulia kwa uchungu. Alichotaka kujua ni kama watu wa vitabu vyangu walisomewa karatasi zao. Nikagundua, kwa aibu ambayo sijaimaliza, kwamba mimi niliyezisoma riwaya hizi kwa miaka mingi sikuweza kumjibu. Kurasa za mikataba ndizo nilizokuwa nikizipitia mbiombio.

Nilizirudia zote. Jambo ambalo naliona sasa ni jepesi, na sijui lilinipitaje. Katika biashara nzima ya muziki kuna kitu kimoja kilichotengenezwa kwa maneno matupu, nacho ni mkataba. Wimbo unapotiwa katika riwaya hupoteza sauti yake, lakini mkataba haupotezi kitu. Huingia mzima, kwa kuwa ni maandishi tangu ulipozaliwa, na una yote ambayo riwaya inayajua kwa ndani: nafsi, wakati, ahadi, na yule asiyetajwa. DeLillo alilijua hili. Katikati ya riwaya yake ameweka sehemu iliyoigiza nyaraka wanazogawiwa waandishi wa habari, ambamo mahojiano na maneno ya nyimbo za Bucky yamekuwa bidhaa tayari. Kampuni inayomsimamia inaitwa Transparanoia, na meneja wake anapomtembelea mafichoni tunafahamu kwamba jengo lile analojificha ni mali ya kampuni hiyo hiyo. Hata kimya chake kinalala katika nyumba yao. Mimi nilikuwa nimeandika pambizoni mwa ukurasa huo: 'kichekesho kidogo'.

Lakini ni Doyle aliyenitahayarisha zaidi, kwa sababu ndiye niliyekuwa nikimfundisha. Mwishoni mwa The Commitments kampuni ndogo ya rekodi inajitokeza na kutaka kuwarekodi vijana, na usiku huo huo bendi inavunjika kwa ngumi na matusi, sababu ikiwa mwimbaji mwenye majivuno na mpiga tarumbeta mzee anayewapenda wasichana wote watatu wa bendi. Kwa miaka kadha nimewaambia wanafunzi kwamba hapa futuhi inapakana na tanzia: mlango unafunguka, nao hawapo kuuingia. Nilimsimulia mjomba mwisho huo jioni ya tatu, nikitarajia asikitike. Akapiga paja.

'Mungu aliwaokoa,' akasema.

Si lazima tukubaliane naye. Riwaya yenyewe haisemi kwamba kampuni ile ilikuwa ya walaghai, na Jimmy Rabbitte, meneja aliyeiunda bendi, hakai kuomboleza. Anaanza kupanga bendi nyingine na marafiki waliobaki. Hata hivyo usomaji wa mjomba unaeleza jambo ambalo usomaji wangu uliliacha likining'inia: kwa nini tunaifunga riwaya ile tukiwa na furaha. Nilikuwa nikiitaja furaha hiyo kama sifa ya mtindo, wepesi wa dayalojia na kadhalika. Yumkini inatokana na kwamba hakuna aliyetia sahihi. Nyimbo zimebaki za kila mtu, kama zilivyokopwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nilihitaji kwenda Dublin na New York kulijua hili, ilhali tunao wimbo wa 'Malaika', ambao Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akautembeza ulimwenguni, Boney M wakaurekodi mwaka 1981, na ambao utunzi wake umegombewa miaka nenda miaka rudi. Sina jibu la kujitetea. Habari za aina hiyo tumeziachia magazeti, na magazeti huzisimulia mtu anapougua au anapozikwa. Riwaya ya Kiswahili ya bendi, yenye mazoezi, nauli, wivu na karatasi ya nusu ukurasa, ningeisoma leo usiku. Wala simaanishi riwaya ya kumlilia msanii aliyedhulumiwa. Tunayo machozi ya kutosha. Doyle ana dhihaka kwa kila mtu, wakiwemo wale anaowapenda, na mjomba, ambaye ana haki ya kulia kuliko Weir, alicheka.

Kabla ya kuondoka nilimwomba aniimbie ule wimbo. Kwa umri wangu wote sikuwahi kuusikia; nimesikia tu sauti nzito aliyokuwa akiivumisha puani akinyoa ndevu, ambayo sisi watoto tulidhani ni tabia ya uzee. Alinivumishia hiyo hiyo. Nikasema, la, mjomba, ninaomba maneno.

'Maneno nilishauza,' akajibu. 'Besi hawakuiulizia.'

Sikuweza kujua kama ni mzaha. Nilimbembeleza, naye akakataa kwa upole, akaurudia mvumo wake mara mbili, polepole, ili nishike. Ndani ya feri nilitoa daftari na kujaribu kuuandika kwa herufi, kwa namna ya Doyle, nikigawa mizani kwa mikwaju na kuacha nafasi pale aliponyamaza. Ulichukua mistari minne. Wiki iliyofuata niliuweka mbele ya darasa bila kusema ni nini, na mwanafunzi mmoja wa mbele akausoma kwa sauti, kwa makini sana, silabi kwa silabi, wenzake wakacheka. Nilimwomba asome tena, na safari hii akome penye nafasi.