Njia bila gari, na shida ya mlango wake

Wamama wapenzi, wengi wenu mmetuuliza sokoni na kanisani ule mpango wa njia ya miguu na kinga umefika wapi. Tuwaambie wazi: njia imepatikana. Kinachotushinda ni mlango wake.

Kwa wale ambao hawakuwa katika mkutano wa kwanza, jambo lilianza na watoto. Hapa kwetu Komini Annexe, Lubumbashi, mtoto anayeenda masomo anapita kando ya barabara kubwa, ile ambayo malori ya shaba yanaishika kuelekea Kasumbalesa. Trotuari hakuna. Tunawafundisha watoto watembee upande wa kushoto, kwa kuwa kwetu gari hushika kuume, na hivyo wataliona likiwajia usoni. Kwenye ubao somo hilo ni zuri sana. Lakini upande huo wa kushoto kuna meza za unga, kuna lori lililoharibika tangu juzi, na mtoto anashuka barabarani. Mvua ikijaza mashimo, moto nazo zinahamia pale pale alipokimbilia mtoto. Mwaka jana mtoto wetu mmoja alivunjika mguu hivyo. Amepona, ila anachechemea kidogo. Ni tangu siku ile tulisema tutafute njia nyingine.

Tuliyoipata ni ule ukanda wa udongo kando ya mfereji mkubwa, toka nyuma ya soko mpaka karibu na masomo, hatua 800 na kidogo. Shefu wa kartiye alikubali, na komini ikatuma mtu wa kupima. Alituambia upana wa metre 3 unatosha: watu wawili watembee sambamba wakiongea, na kinga iwapite bila ugomvi. Tutatandaza udongo wa kichuguu, ule ule tunaofyatulia matofali, maana ukiloweshwa na kushindiliwa unashika vizuri. Tutauinamisha kidogo upande wa mfereji ili maji yasilale juu.

Hapa tukiri kosa. Tulipopima tulifanya kama ukanda ule ni mtupu. Wamama watano wana matuta ya lengalenga na matembele pale, na mmoja wao ni wa likelemba yetu wenyewe. Alikuta kigingi katikati ya tuta lake. Hakupiga kelele. Alikuja mkutanoni, akakaa nyuma, akauliza: "Watoto watapita, sawa. Na wangu watakula nini?" Tulinyamaza wote. Sasa mstari umesogezwa ufuate ukingo wa mfereji, na matuta yanabaki ngambo ya pili, isipokuwa mawili mahali palipo pembamba. Hayo mawili kikundi kitayalipia mavuno ya msimu mzima kabla jembe halijaingia. Tulipaswa kuanza na yule mama, si na kigingi.

Sasa mlango. Tukiacha njia wazi, moto na gari ndogo zitaingia siku ya kwanza, maana ni njia ya mkato. Wababa walisema: simamisheni nguzo za betoni. Vizuri, lakini ziachane namna gani? Tulichukua metre ya fundi nguo tukapima. Usukani wa moto: sentimetre 80. Kinga ya muuza makala, na magunia yamefungwa ubavuni: zaidi ya metre 1. Tena kuna dada yetu anayetembea kwa kinga ya mikono, ile ya magurudumu matatu. Naye anataka nafasi kama ya moto, hata zaidi.

Mnaona shida. Kila nafasi inayompitisha huyu dada inapitisha na moto. Tukiibana, tumemfungia nje yeye, pamoja na yule wa makala aliyeacha kijiji usiku. Wako waliosema wa makala abaki barabarani kama zamani. Hatukubali. Yeye naye malori yanamsukuma mpaka ndani ya mchanga.

Kumbe nguzo itazuia gari tu. Moto itazuiwa na mwenye moto. Basi Jumamosi, baada ya salongo, wamama sita tulienda pale moto zinaposimama. Tulijitayarisha kwa matusi. Mkubwa wao alicheka kwanza, kisha akauliza ni watoto wa masomo gani. Wa kwake yuko darasa la tatu pale pale. Amekubali vijana wake wasipite, lakini ametuomba kitu kimoja: usiku, kama kuna mgonjwa au mama mwenye uchungu wa kuzaa, moto iruhusiwe.

Hapo tumegawanyika. Wengine wanasema ukiruhusu moja usiku, kumi zitafuata mchana. Wengine wetu tunakumbuka nani alitufikisha hospitali usiku ule, na kwa chombo gani.

Jumamosi ijayo, saa tatu ya asubuhi, tukutane kwenye vigingi, si kanisani, ili kila mmoja aone kwa macho yake. Mwenye jembe aje nalo. Tutasimamisha miti miwili kwa majaribio, na dada wa kinga ya mikono atapita wa kwanza. Tutaisogeza mpaka apite bila kukwaruza vidole. Swali la moto za usiku tutalikata pale pale, kwa kuinua mikono, na wale wamama watano wa matuta watahesabiwa pia.