Nani Aliamua Bawa Likae Juu?

Katika mjadala wetu kuhusu ndege, sisi Watanzania huuliza maswali mawili: zimenunuliwa ngapi, na kwa bei gani? Tangu mwaka 2016, Air Tanzania ilipoanza kufufuliwa kwa ndege mbili za Q400, maswali hayo yamejaza magazeti na Bunge. Ni maswali halali, kwa kuwa fedha ni za walipakodi. Hata hivyo, lipo swali la tatu ambalo ni nadra kulisikia, nalo ni zito kuliko hayo mawili.

Nililisikia kwa mpwa wangu, fundi wa kuchomelea mjini Mpanda, kijana wa kidato cha nne anayeunda matela ya trekta. Tukiwa nje ya uzio wa uwanja wa ndege aliniuliza, “Mjomba, nani aliamua bawa la hii ndege likae juu, lisikae chini?” Shahada yangu ya uzamivu si ya uhandisi, hivyo ilinibidi nisome kwanza ndipo nimjibu.

Bawa la juu huziweka injini na rafadha kubwa mbali na ardhi, kokoto zisizifikie. Ndege ndogo za Cessna Caravan, zinazotua katika viwanja vya vumbi vya hifadhi zetu, nazo zina bawa la juu. Lakini uamuzi huo una gharama. Katika Q400, magurudumu makuu hukunjwa ndani ya maumbo yanayobeba injini, chini ya bawa. Kwa hiyo miguu yake ni mirefu, na mguu mrefu ni mzito. Uzito nao huzaa uzito: ukiongeza kilo moja, utahitaji bawa imara zaidi, injini yenye nguvu zaidi na mafuta zaidi, na vyote hivyo vina kilo zake.

Kwa hiyo, mbunifu wa ndege haanzi kwa kuchora. Huanza kwa mahitaji: abiria wangapi, umbali gani, kiwanja cha namna gani. Kisha hukadiria uzito, eneo la bawa na nguvu ya injini, akirudia hesabu mpaka zikubaliane. Ndipo hufuata michoro ya kila kipande na majaribio, mengine ya kukivunja kipande kwa makusudi ili ukomo wake ujulikane. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto hewa yake huwa nyepesi, bawa hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kunyanyua, injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji barabara ndefu zaidi ya kurukia.

Hali hiyo iliwahi kuzaa ndege nzima. Shirika la BOAC la Uingereza lilitaka ndege ya kumudu viwanja vyenye joto na mwinuko kama Nairobi na Johannesburg. Kampuni ya Vickers ikabuni VC10, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1962, injini zake nne zikiwa nyuma ili bawa libaki huru kwa kazi ya kunyanyua. East African Airways, shirika letu la pamoja, lilianza kuitumia aina ya Super VC10 mwaka 1966. Baadaye viwanja vilirefushwa, ndege nyingine zikaweza kuvitumia, na VC10 zilizoundwa zikaishia 54. Ardhi yetu ndiyo iliyotoa swali. Jibu lilitafutwa mbali, na maarifa ya kulitafuta yakabaki huko.

Brazil ilichagua njia nyingine. Mwaka 1950 ilianzisha chuo cha uhandisi wa anga, ITA. Mwaka 1968 Bandeirante, ndege iliyobuniwa nchini humo, iliruka. Mwaka uliofuata Embraer ikaundwa. Kampuni hiyo pia iliunda kwa leseni ndege za kijeshi za Aermacchi ya Italia, na katika kazi hiyo wahandisi wake walijifunza kiwandani mambo ambayo kitabu hakiyafundishi. Leo Embraer zinaruka Nairobi zikiwa na nembo ya Kenya Airways.

Nasi tuna pa kuanzia. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha mafundi wa ndege, na Morogoro kuna kampuni inayounganisha ndege ndogo. Lakini anayeitunza ndege hufuata mwongozo. Anayeibuni ndiye anayeuandika.

Najua mtumishi wa umma anayesoma makala haya atasema kwamba tuna shule zisizo na madawati, na usanifu wa ndege ni anasa. Namjibu kwamba nidhamu hiyo ya kuanza na mahitaji, kupima uzito na kutafuta ukomo ndiyo inayohitajika katika daraja, katika boti ya Ziwa Tanganyika, na katika tela linalovunjika ekseli likiwa na mpunga wa mkulima wa Mpimbwe.

Kwa hiyo, mkataba ujao wa kununua ndege uwe na kifungu cha nafasi za wahandisi wetu vijana katika ofisi za usanifu za muuzaji, kwa miaka na si kwa wiki za semina, pamoja na sharti la kurudi kufundisha. Nguvu ya mnunuzi huwapo kabla ya sahihi. Baada ya hapo, hubaki kuomba vipuri.