Paka Katika Chumba cha Treni Ndogo

Paka na treni za mfano hawakuwa na ugomvi tangu mwanzo. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig treni ya kujazwa ufunguo, pamoja na vipande vya reli ambavyo mnunuzi angeweza kuviongeza kidogo kidogo. Kwa miaka mingi baada ya hapo, reli za namna hiyo zilitandikwa sakafuni, watoto wakacheza, na jioni kila kitu kikarudi sandukuni. Paka akilipiga behewa kofi likaanguka, liliinuliwa, safari ikaendelea. Vichwa vya treni vya kipimo cha O, vinavyopita kwenye reli zenye upana wa milimita 32, vilikuwa vya bati na chuma, vizito, vilivyoundwa kustahimili vishindo vya watoto. Tena paka mwenyewe hakulala ndani kila siku: usiku alitolewa nje akawinde panya.

Mambo mawili yaliwakutanisha paka na treni baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwanza, treni zilipungua umbo zikapanda mezani. Kipimo cha HO, ambacho kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya ukubwa wake halisi, kilienea sana Marekani, na wapenzi wa fani hiyo wakaanza kujenga mandhari ya kudumu: milima, mito, stesheni, vijiji vizima. Chumba kilichopatikana kwa kazi hiyo mara nyingi kilikuwa kile cha chini ya nyumba. Pili, mwaka 1947 huko Cassopolis, Michigan, mtu mmoja aitwaye Ed Lowe alimpa jirani yake chembe za udongo mkavu wenye kunyonya maji zichukue nafasi ya majivu katika choo cha paka. Udongo huo ukawa biashara kubwa, na paka akaweza kuishi ndani usiku na mchana. Kasha lake la choo nalo likawekwa mahali ambapo harufu isingewafikia wageni, yaani kule kule chini. Kwa haki, paka hakuvamia reli za mtu. Alipangiwa chumba kimoja nazo.

Matokeo yalionekana kwanza kwenye kokoto. Reli ya kweli hulala juu ya kokoto, na reli ya mfano huwekewa chembe ndogo za mawe kati ya mataruma. Mjenzi huona njia kuu ya treni. Paka huona choo kirefu kilichozunguka chumba. Hata walikuwapo waliotumia udongo ule ule wa choo cha paka kutengeneza mawe ya makorongo yao, jambo ambalo ni sawa na kumwandikia mnyama mwaliko. Mkojo una chumvi: hupitisha umeme pasipotakiwa, hula madini ya reli, na harufu yake humrudisha paka pale pale.

Dawa yake ilitoka kwa sababu nyingine kabisa. Wajenzi walitaka kokoto zisiingie kwenye giya za vichwa vya treni, kwa hiyo wakawa wanazigandisha. Chembe hupangwa kwa brashi laini, hunyunyiziwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha hudondoshewa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Bila sabuni, gundi hukaa juu kama lulu na kuzibeba chembe. Ikiwapo, hupenya mpaka chini. Mlango hufungwa usiku kucha. Asubuhi kokoto zimekuwa ngumu, na paka hana hamu na mahali pasipochimbika.

Milima ilikuwa na shida yake. Ilijengwa kwa wavu wa kuku uliopakwa plasta, ndani ikiwa tupu, na tundu lililoachwa nyuma ili mkono uifikie treni iliyoanguka handakini likawa mlango wa paka. Siku hizi wengi huchonga milima kwa bodi za povu gumu la plastiki, na matundu ya nyuma huzibwa kwa wavu unaoweza kuondolewa.

Wazee wa fani hii hukumbuka zaidi miaka ya adhabu: chupa ya maji ya kupuliza, mkebe wa sarafu wa kutikiswa, maganda ya machungwa. Paka alijifunza upesi kwamba maji hutoka kwa mtu, hivyo akawa anapanda mtu akilala. Wengine waliweka naftalini, ambayo ni sumu kwa paka na haifai kutajwa kama njia. Foili ya jikoni na selotepu ya pande mbili humkera kweli, ila nani anataka bonde la foili? Kuinua meza mpaka usawa wa kifua, kulikopendwa kwa sababu treni huonekana vizuri zaidi, kulimfurahisha paka tu: kuruka mita moja na nusu si kazi kwake.

Badiliko lenye maana lilikuja wajenzi walipoacha kumfunza paka wakaanza kumjengea. Mlango wa kufungika ndio bora kuliko vyote. Pasipo mlango, kioo cha plastiki husimamishwa mbele ya meza, au reli hujengwa ndani ya rafu yenye kifuniko. Paka hustarehe kwenye joto la nyuzi 30 hadi 38 za Selsiasi, na ndiyo maana taa na transfoma humvuta. Rafu yenye blanketi, iliyo juu kuliko mlima wowote na karibu na dirisha, humwondoa mezani bila ugomvi.

Mifumo ya kidijitali iliyoenea tangu miaka ya 1990 iliongeza kichekesho. Mota zake husifiwa kwa ukimya kwa sababu mlio wake umepandishwa kupita sikio la binadamu, linaloishia kilohezi 20. Sikio la paka hupita 60.

Mjini Osaka, Japani, mgahawa mmoja wenye reli za mfano uliokosa wateja wakati wa Uviko-19 uliokota paka wa mitaani na kuwaacha watembee juu ya mji wake mdogo. Wateja wakaja kwa ajili ya paka. Katika mji wa kipimo cha HO, paka wa sentimita 25 begani ni sawa na jitu la kimo cha karibu mita 22.

Tatizo lililobaki ni manyoya, nayo hayazuiliki kwa kioo. Unywele mmoja hujisokota kwenye ekseli, hukusanya mafuta na vumbi, na gurudumu huanza kuburuzika. Behewa au kichwa cha treni hupinduliwa chini ya taa, unywele hukatwa kwa wembe sambamba na ekseli, na vipande huvutwa kwa kibano kabla giya hazijavimeza.