Amri mbili, jina moja: namna sauti zilivyopotea katika redio moja ya Bunia

Ukiita « Mama Furaha » katika soko la Bunia, wamama wanne watageuka, na yule aliye karibu ndiye atakayejibu. Ordinateri inafanya vilevile. Ukiandika jina la amri, inapita katika orodha ya dosie inayoitwa PATH, moja kisha nyingine, na programu ya kwanza yenye jina hilo ndiyo inafanya kazi. Haiulizi kama ndiyo uliyoitaka.

Fundi wa redio moja ya jamii hapa mjini alilijua hilo, lakini kwa nusu. Alitengeneza skripti ndogo ya kuonyesha watangazaji jina la siku kwa Kiswahili. Akaiita date, akaiweka katika dosie yake inayotangulia kwenye PATH. Ndani yake aliandika njia nzima, /bin/date, ili isijiite yenyewe bila mwisho. Dawa hiyo aliitumia mahali hapo tu.

Skripti nyingine, ya kurekodi emisio, iliomba date itoe mwaka, mwezi na tarehe, ili kila fishie ipate jina lake. Sasa ikapewa neno moja: Jumanne. Jumanne iliyofuata, fishie mpya ikakalia ya zamani. Hivyo zikafutika sauti za wahami wa vita kutoka Djugu waliokuwa wakitafuta jamaa zao.

« Kaka, sauti ya yule mama anayetafuta watoto iko wapi? » mwandishi mmoja alimuuliza. Fundi akanyamaza.

Alichelewa kuelewa kwa sababu rekodi zilizopangwa kwa saa zilibaki salama. Cron, inayozianzisha, ina PATH yake fupi, /usr/bin na /bin peke yake. Haifiki katika dosie ya fundi. Zilizoharibika ni zile zilizoanzishwa kwa mkono, siku umeme ulipokatika na saa ikapita.

Amri ya « type -a date » ndiyo ilimfungua macho: ilionyesha kila date kwa mpangilio, yake ikiwa mbele. Akabadilisha jina kuwa siku. Akaandika « hash -r », maana bash hukumbuka njia ya zamani. Na juu ya skripti ya kurekodi akaweka PATH=/usr/bin:/bin.

Hata wakubwa wa kazi hii wamegombania majina. Programu moja ya redio za mawasiliano na ile ya Node.js zote zilitaka kuitwa node. Mwaka 2012 kamati ya kiufundi ya Debian ikalazimika kukata neno.

Basi, ninyi wenye kutunza ordinateri za redio zetu, kabla ya kubatiza skripti andikeni type na jina hilo. Likiwa na mwenyewe, tafuteni lingine. Fishie iliyokaliwa na nyingine hairudi.